Picha ya Pili

Ukuta wa studio yangu ulikuwa na maporomoko ya Lofoi,
niliyoyachora mwenyewe kwa rangi ya mafuta,
na watu wa Katuba walisimama mbele yake
na redio mkononi, au mtoto,
au jirani waliyepatana naye jana.
Sasa ukuta ni mweupe.
Nimeupiga chokaa mara tatu,
na bado mvua za Januari zikizidi
maji yangu yanarudi, kibuluu, chini ya chokaa.

Ni pasipoti hizi mpya.
Wanasema ndani ya jalada mna chipu
ndogo kuliko ukucha wa kitoto kichanga,
na ukiwa nayo ziko nchi zisizokudai viza:
unafika, unapita, kama mtu aendaye kwa shangazi yake.
Sawa. Lakini mlango usio na kufuli una jicho,
na jicho lina masharti:
kidevu hapa, utosi pale, masikio nje,
miwani weka chini, kivuli kisiwepo,
mdomo ufungwe.

Usicheke.
Neno hilo nimelitamka mara nyingi kuliko jina langu.

Kilufya, fundi wa friji, alinishinda.
Kila nikiinua kamera, meno yale yanachomoza.
Mara nane!
Mwishowe nikamwuliza gunia la makala limefika bei gani.
Akanuna vizuri mno. Nikapiga.

Mama Mwewa yeye hakunisumbua kwa uso.
Vidole ndivyo vilivyomkwamisha, kule biroo:
kioo kilimwambia hana alama,
miaka arobaini ya kusonga bukari na kusugua sufuria
imemfuta.
Akarudi nyumbani, akavipaka mawese usiku kucha,
asubuhi vikasomeka, vyote kumi,
na karani akafuta kioo kwa leso yake, akinusa.

Alipoipata aliniletea niione.
Chini ya picha, mistari miwili ya herufi
na vijishale, vijishale, vijishale,
kama kuku aliyepita juu ya unga.
"Hapa wameandika nini?"
Nikamwambia hiyo si ya kusomwa na sisi.

Akaenda kumwona mjukuu, mipaka miwili kutoka hapa.
Aliporudi alikaa kwenye benchi langu, viatu mkononi.
"Mashine ilinitazama, nami nikaitazama.
Taa ikawaka kijani.
Mwanangu, nimevuka mipaka miwili
na hakuna hata mmoja aliyeniamkia."

Mwezi wa tatu watoto wake walikuja, macho mekundu,
na pasipoti ndani ya mfuko wa plastiki.
Wanataka picha kubwa, ya matangani.
Nikaikuza. Wakaitazama kimya.
Kisha mdogo, Umba, akasema:
"Huyu si mama. Huyu ni mtu anayedaiwa."

Sasa niseme siri yangu.
Mimi hupiga mbili.
Ya kwanza ni ya serikali.
Halafu nasema, "Haya, tumemaliza,"
na mabega yakishuka, kabla mtu hajainuka,
napiga nyingine. Silipishi.
Ziko kwenye kopo la biskuti, chini ya meza,
nusu ya Katuba imo humo inacheka.

Nilitafuta hadi umeme ukakatika,
nikaendelea kwa tochi ya simu.
Hiyo hapa.
Kichwa kimeinama. Jicho moja limefumba.
Kilemba kinarudi kichwani, mkono umeficha sikio,
kivuli kimeangukia ukutani,
na picha nzima imetikisika kidogo,
maana nami nilikuwa nikicheka.

Hakuna mpaka ungeipokea.

Umba akaishika kwa ncha za vidole, pembeni,
kama sahani ya moto,
akaniuliza fremu ni franka ngapi.